Verlin Hruska na Kadi ya Mzuiaji wa Kushoto

Verlin Hruska alikuwa na kipande cha boksi la nafaka alichokikata kwa mkasi miaka kumi na tisa iliyopita, na hicho ndicho kilikuwa kifaa chake kikuu cha kazi. Akikaa jikoni kwake, mjini Wilber, Nebraska, kutazama filamu za michezo, alikibandika kwenye kioo cha kompyuta kikafunika nusu ya juu, ikabaki miguu tu. Mabega, vichwa na majina yaliyoandikwa mgongoni, vyote vikafichika.

"Mabega hudanganya," alikuwa akisema. "Kijana akinyanyua vyuma miezi mitatu anapata mabega. Miguu alizaliwa nayo."

"Na mimi ulipokuja kuniposa uliitazama miguu?" Lorene, mkewe, alimwuliza siku moja.

"Kwanza kabla ya kitu kingine."

"Basi hukuwa na akili. Ungetazama mapishi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuwazungukia vijana wanaocheza mpira wa Kimarekani vyuoni, ule wa kushikwa na kurushwa kwa mikono, na kuiambia klabu yake, iliyokuwa Toledo, ni nani atakayeweza kuucheza kwa mshahara na nani heri arudi shambani kwa baba yake. Eneo lake lilikuwa Nebraska, Iowa, Kansas na Dakota zote mbili. Maskauti wengine, kama waitwavyo wenye kazi hii, hupenda warushaji na wakimbiaji, watu wa kushangiliwa. Verlin alipewa ukuta, yaani wale majitu watano wanaosimama mbele ya mrushaji ili wavamizi wasimfikie. Hawa hawana shabiki. Mzuiaji akifanya kazi yake barabara kutwa nzima, hata mama yake mzazi haoni alichofanya. Akiteleza mara moja, mrushaji anatolewa kwa machela na uwanja mzima unalijua jina lake. Verlin mwenyewe aliwahi kucheza ukutani katika chuo kidogo ambacho siku hizi hakipo. Alichobakiwa nacho kutoka enzi hizo ni magoti mabovu. Ngazi alizishuka ubavuubavu, mkono ukutani, na ole wake aliyesimama nyuma yake akiwa na haraka.

Miaka ishirini na miwili alilala hotelini usiku mia moja na hamsini kila mwaka. Alikula donati za vituo vya mafuta mpaka daktari akamwambia aache, naye akaendelea, na Lorene akisema sikio la kufa halisikii dawa. Alimjua mlinzi wa kila geti la kila uwanja. Aliwajua pia wanaofua jezi na wanaopika chakula cha wachezaji, kwa maana hao ndio wanaojua nani anarudisha sahani yake na nani anaiacha mezani. Sharti lake lilikuwa moja. Hakuwahi kumwahidi kijana yeyote kitu chochote, kizuri wala kibaya. Aliandika alichokiona, akafunga daftari, akaenda zake.

Septemba ya mwaka wake wa mwisho, ingawa hakujua kwamba ni wa mwisho, alikwenda Chuo cha West Prairie kumtazama mzuiaji wa kushoto aitwaye Nolan Terpstra. Kijana alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa wafuga nguruwe wa kaskazini-magharibi mwa Iowa, urefu futi sita na inchi sita, uzito ratili mia tatu na kumi. Verlin alivuta utepe wa chuma akampima mkono kuanzia mfupa wa bega hadi ncha ya kidole cha kati, akapata inchi thelathini na nne. Wenye kazi hii wanaamini kwamba mkono usiofika thelathini na tatu hauwezi kulinda pembeni. Wamewakataa watu wazima kwa robo ya inchi, na wanalala usingizi. Terpstra alivuka.

Jumamosi Verlin akakaa chumba cha juu ya uwanja, pamoja na maskauti saba wa klabu nyingine, kila mmoja na bakuli la chili, mchuzi wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini wa kuchovyea. Maskauti wote huapa kwamba hawasikilizi maoni ya wenzao. Lakini meza yao ni moja.

"Huyo Terpstra anangoja barua ndipo aondoke," alisema mmoja, mdomo umejaa.

Ilikuwa kweli. Mrushaji alipiga ukelele wake wa kuhesabu, mashabiki wa nyumbani wamenyamaza kwa adabu ili asikike, mpira ukatoka, na wazuiaji wanne wakainuka. Wa tano, Terpstra, akainuka baada yao. Hakuchelewa sana, ni kama kupepesa jicho. Lakini mbele ya mvamizi wa daraja la juu, kupepesa jicho ni mrushaji chini. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya kumi, na ya ishirini.

Jioni ile Verlin aliandika: "Miguu ya mcheza dansi. Mikono inafaa. Anachelewa kuondoka. Akili nzito, au moyo mzito. Hatufai." Akampa safu ya nane, ya mwisho kwenye ubao wa klabu wenye kadi za vijana, ambayo chini yake kuna ukuta mtupu. Maskauti wale saba waliandika yaleyale kwa maneno yao, na kila mmoja akajisifu kwamba amejionea mwenyewe.

Novemba akawa mji mwingine kabisa, kwenye uwanja wa watu elfu sitini, kumtazama mvamizi mmoja aliyekuwa akizungumzwa nchi nzima. West Prairie walikuwa wageni pale. Mashabiki walipiga kelele mpaka vioo vya chumba cha juu vikatetemeka, na mvamizi yule maarufu hakufanya lolote. Kila alipokurupuka alimkuta Terpstra ameshafika na mikono yake mirefu, miguu imetulia. Verlin alichukia. Alikuwa ameendesha gari kwa saa saba kumwandikia mvamizi sifa, na sasa mtu wa safu ya nane anamharibia ripoti.

Hata hivyo, mwenye macho haambiwi tazama. Desemba, theluji imefunga barabara, aliketi jikoni na michezo tisa ya West Prairie, akabandika boksi lake, akaanza kuhesabu. Nyumbani, michezo mitano: Terpstra wa mwisho. Ugenini, michezo minne: Terpstra wa kwanza, tena kwa mbali. Alirudia hesabu, akidhani amechanganya karatasi. Kila mzuiaji duniani huwa mzito ugenini, kwa sababu kelele humvuruga. Huyu alikuwa kinyume cha watu wote.

"Mwongo wewe!" aliikemea kompyuta.

Lorene alikuwa akisukuma unga wa kolache, maandazi ya Kicheki. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na hakuwa na subira na mtu anayepiga kelele darasani.

"Unabishana na nani? Hiyo mashine mbona imenyamaza?"

"Filamu za kazi hazina sauti."

"Hata kidogo?"

"Za nini? Sisi tunatazama. Hatusikilizi."

"Haya. Na huyo mwongo kafanya nini?"

Akamweleza. Kwao, uwanja kimya, kijana anachelewa. Kwa watu, kelele za kupasua masikio, kijana anawahi. Lorene aliacha kusukuma.

"Huko kwenye kelele wanajuaje mpira unatoka lini?"

"Hawasikii kitu, kwa hiyo hawamsikilizi mrushaji. Kila mtu anautazama mpira kwa jicho. Ukitikisika tu, anaondoka."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani wanafuata ukelele, macho kwa mvamizi."

Lorene akajifuta unga mikononi. "Nilikuwa na mtoto darasa la pili. Ukisema fungueni vitabu, anangoja mwenzake afungue, ndipo naye afungue. Miezi minne niliandika kwenye ripoti zake: mzembe. Miezi minne, Verlin."

"Kumbe?"

"Kumbe alikuwa hasikii."

Verlin aliutazama mguu wa Terpstra uliokuwa umegandishwa kwenye kioo. Mzuiaji wa kushoto husimama mkono wa kushoto wa mrushaji, kwa hiyo sikio linaloelekea ukelele ni la kulia. Alikumbuka maneno yake ya Septemba, "akili nzito", na akaona haya, haya hasa, ya kumpandisha joto usoni. Nyani haoni kundule. Yeye aliyewacheka maskauti wa mezani alikuwa ameandika pamoja nao, kwa mkono wake, na kalamu yake mwenyewe.

Januari alirudi West Prairie. Alimngojea Terpstra mlangoni mwa chumba cha vyuma, akamsalimia, wakaongozana kwenye ukumbi mrefu kuelekea mgahawani. Verlin alijiweka upande wa kulia. Wakazungumza uso kwa uso juu ya nguruwe na bei ya mahindi, kisha, kijana alipotazama mbele, Verlin akasema kwa sauti ya chini:

"Kamba ya kiatu chako imefunguka."

Terpstra akaendelea kutembea. Verlin akapunguza mwendo, akapita nyuma yake, akatokea kushoto, na kwa sauti ileile akasema:

"Kamba ya kiatu chako imefunguka."

Kijana akainamia miguu yake mara moja. Alikuwa amevaa ndala. Alizitazama zile ndala, akamtazama mzee, uso ukambadilika.

"Nani kakwambia?"

"Miguu yako."

Waliketi kwenye benchi la ukumbini. Terpstra alichukua nafasi ya watu wawili na nusu, akiwa amejikunja kama mtu aliye ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Tangu lini?" Verlin aliuliza.

"Nikiwa na miaka minne. Homa. La kulia likafa, la kushoto zima kabisa."

"Kocha anajua?"

"Anajua mama yangu. Na sasa wewe."

"Si mnapimwa kila mwaka?"

"Unavalishwa vitu vya masikioni, ukisikia mlio unainua mkono. Mimi namtazama nesi. Akibonyeza, bega lake linashuka kidogo." Akacheka bila furaha. "Nina macho mazuri, mzee."

"Hilo nimeliona."

"Usiandike."

"Mimi naandika ninachokiona, kijana."

"Najua mlivyoniandika. Mzito wa akili, mvivu, sijui nini. Kocha ametuambia. Basi niache na hayo! Mzito wa akili huwa anapata klabu, akaambiwa atafundishwa. Kiziwi nani anamtaka? Ukiliandika hilo umenimaliza. Nimecheza tangu nina miaka tisa. Sina kingine ninachokiweza, mzee, zaidi ya nguruwe."

Verlin alisimama kwa shida, kwa ajili ya magoti. Hakusema ataandika, hakusema hataandika. Sharti lake la miaka ishirini na miwili lilimwokoa asijibu, na kwa mara ya kwanza aliliona sharti hilo kuwa ni uoga uliovaa nguo nzuri.

Njiani kurudi alipiga hesabu zake. Akiliacha lilivyo, Terpstra hatateuliwa na mtu. Safu ya nane haipigiwi simu. Akimpandisha bila kutoa sababu, hakuna atakayemwamini. Akitoa sababu, daktari wa klabu ataweka sumaku nyekundu juu ya kadi, na kadi yenye sumaku nyekundu hutolewa ubaoni ikatupwa kwenye boksi. Isitoshe kulikuwa na lake mwenyewe. Mikataba ya maskauti wote huisha Mei, baada ya uteuzi, ambapo klabu zote huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, na mwaka ule klabu ilikuwa na bosi mpya, Grady Pell, mwenye miaka thelathini na sita, aliyewaambia siku ya kwanza: "Skauti anayehamisha kadi Februari alikuwa amelala Septemba."

Mwezi wa Februari maskauti wote wa klabu hukutana Toledo katika chumba kisicho na dirisha. Ukuta mzima ni ubao wa chuma. Kila kijana ana kadi yake, na kila nafasi ya uwanjani ina mstari wake wa wima, bora juu, hafifu chini. Kadi haihamishwi ila na mkono wa aliyeiandika, tena mbele ya wote, naye husimama kando yake ahojiwe. Kuna wazee waliostaafu bila kuhamisha hata moja, na walilitaja hilo kwenye karamu zao za kuagwa.

Siku ya tatu walifika kwenye wazuiaji wa kushoto. Pell alikuwa akisoma majina haraka haraka.

"Terpstra, West Prairie. Safu ya nane. Tunaendelea—"

Verlin akainuka. Akaenda ubaoni na mwendo wake wa ubavu, akaibandua kadi, akaipeleka hadi safu ya nne, lakini akaipitisha mstari wa kushoto, akaivusha ubao, akaibandika kwenye mstari wa wazuiaji wa kulia.

"Verlin," alisema Pell, "umekosea mstari. Huyo ni wa kushoto."

"Mstari sijakosea. Nilikosea Septemba."

Mtu akacheka nyuma. "Mzee kaamka!" akasema mwingine, na chumba chote kikacheka.

"Umeona nini ambacho hukukiona Septemba?" aliuliza Pell. Yeye hakucheka.

Hapo Verlin angeweza bado kurudi kitini. Alimfikiria Terpstra kwenye lile benchi, akafikiria na Mei.

"Sikio lake la kulia halisikii."

Kicheko kilikatika. Daktari Amundsen, aliyekaa karibu na ubao na kisahani chake cha sumaku, aliokota nyekundu akanyoosha mkono. Verlin aliifunika kadi kwa kiganja.

"Toa mkono, Verlin. Hii ni kazi yangu."

"Na hii ni yangu. Sijamaliza. Nikimaliza, bandika utakacho."

Akaeleza akiwa vilevile, kiganja juu ya kadi. Kwamba filamu zao ni bubu, ndiyo maana hakuna aliyejua kijana anafuata ukelele asiousikia. Kwamba nyumbani huwangoja wenzake waondoke ndipo aondoke, na bado hupitwa mara chache. Kwamba ugenini, kila mtu akiwa kiziwi kwa kelele, yeye ndiye bingwa. "Mhamisheni kulia," alisema. "Mrushaji atakuwa upande wake wa kushoto, kwenye sikio zima. Sikio bovu litatazama mashabiki, na mashabiki hawana la maana la kusema."

Pell alimgeukia kijana wa takwimu aliyekuwa na kompyuta. Wakangoja. Michezo tisa ilihesabiwa picha kwa picha.

"Nyumbani, nyuma kwa picha sita," alisema yule wa takwimu. "Ugenini, mbele kwa tatu." Akakuna kichwa. "Hakuna mtu mwingine aliye hivi. Hakuna hata mmoja."

Pell aliitazama kadi. Kisha akasema, "Miaka yote unafunika filamu kwa boksi la nafaka, leo unataka tuitazame kwa masikio."

"Ndiyo, bosi."

"Aje apimwe. Kadi ibaki. Na chini yake liandikwe jina lako, kwa herufi kubwa."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Verlin aliujua msemo huo tangu utotoni kwa maneno ya wazee wake wa Kicheki, na uliwahi kumfariji. Safari hii haukumfariji. Maradhi hayakuwa yake, wala aliyeyaficha si yeye, na mwenyewe hakuulizwa.

Machi Terpstra aliitwa Toledo kupimwa. Verlin alikuwa kwenye korido alipomwona anakuja, amevaa suti iliyombana mabegani. Walikaribiana. Kijana alimwona vizuri kabisa. Kisha akageuza uso ukutani, akampa mzee upande wa kulia, akapita.

"Karibu, kijana," Verlin aliliambia lile sikio. "Habari za safari?"

Halikujibu, kwa kuwa halikuweza, na mwenyewe ndivyo alivyotaka. Verlin alibaki amesimama akijifanya anasoma tangazo la zimamoto. Iliuma. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa ametukanwa na wazazi, makocha na mchungaji mmoja, na hakuna tusi lililomwingia kama lile.

Vipimo vilitoka kama Terpstra alivyosema: la kulia halina uhai, la kushoto halina kasoro. Daktari Amundsen aliweka sumaku ya njano, ambayo maana yake ni fanyeni mtakavyo ila msije kunilaumu.

Uteuzi ulikuwa mwishoni mwa Aprili, siku tatu. Klabu nyingine zote zilikuwa na Terpstra chini kule, na ripoti zao za meza moja. Siku ya tatu, raundi ya sita, Pell alilitaja jina lake. Kwa desturi ya klabu, anayepiga simu ya kwanza ni skauti aliyemleta kijana, maana sauti yake ndiyo inayojulikana. Verlin akapewa simu, chumba kizima kikimtazama.

"Nolan? Hruska hapa, Toledo. Tunakuchukua. Utacheza kulia. Hongera sana, kijana."

Nyuma ya kijana vilisikika vigelegele, na mwanamke analia kwa furaha.

"Nipe bosi," alisema kijana mwenyewe.

Verlin akampa bosi.

Mei Pell alimwita ofisini. Alikuwa muungwana. Alisema klabu inapunguza watu wa barabarani, siku hizi filamu zinatosha, na kwamba suala la kadi halihusiani. Verlin alimwamini, kwa sababu Pell hakuwa mtu wa kusema uongo wa kumbembeleza mzee. Alirudisha gari la kazi na utepe wa chuma. Boksi la nafaka halikuwa mali ya klabu.

Oktoba Lorene alinunua tiketi mbili za mchezo wa Toledo, safu ya chini kabisa, karibu na mlango ambao wachezaji huingilia chini ya jukwaa. Verlin alisema hataki. Lorene akamwambia aende basi amshikie koti. Mzuiaji wa kulia wa kawaida alikuwa ameumia kidole cha mguu wiki ile, na Terpstra alikuwa anaanza kwa mara ya kwanza.

Ulikuwa mchezo wa nyumbani, kwa hiyo mashabiki walinyamaza mrushaji wao aliposimama nyuma ya ukuta. Verlin, aliyezoea kuuona mchezo bila sauti au kupitia kioo cha chumba cha juu, aliusikia ukelele ukikata hewa ya baridi. Mpira ukatoka. Watano wakainuka kwa pamoja. Alishikilia reli na kuangalia tena, na tena, hadi kipindi cha mwisho, na hakuweza hata mara moja kusema nani katangulia na nani kafuata.

"Unalia?" Lorene aliuliza.

"Upepo."

"Upepo umekukuta peke yako."

Mchezo ulipokwisha wachezaji walianza kutoka, wakipita chini ya reli, kofia mkononi. Terpstra alikuja nyuma ya wengine, matope hadi kiunoni, na reli ilikuwa upande wake wa kulia.

"Nolan!" aliita Verlin.

Terpstra hakugeuka.

"Mwite tena," alisema Lorene.

"Haisaidii. Niko upande ule."

Lorene hakuwa mtu wa kukubali jibu la namna hiyo. Aliivua skafu yake nyekundu akaipunga juu ya reli, mbele kabisa, pale ambapo kijana mwenye macho mazuri hawezi kukosa kuiona. Terpstra aliinua uso. Aliiona skafu, akamwona mama asiyemjua, akamwona na mzee aliye kando yake. Akasimama. Wenzake wawili wakamgonga mgongoni wakapita.

Alimtazama Verlin muda ambao Verlin hakuweza kuupima kwa kitu chochote alichowahi kupimia. Kisha kijana aligeuka, akaelekea kule alikotoka, hatua mbili, mpaka reli ikawa upande wake wa kushoto. Akainamisha kichwa, akalisogeza sikio zima karibu na mikono ya mzee.

"Haya, mzee. Sema."

Verlin alikuwa na maneno ya kutosha. Alikuwa ameyapanga tangu Machi, njia nzima ya Iowa na Illinois. Yote yalimpotea.

"Mguu wa ndani," alisema. "Bado unauburuta kidogo."

Terpstra akaitikia kwa kichwa polepole.

"Nimesikia," alisema.